DAMU ISIYOKOMA NA SHAURI LA KUTOA KIZAZI

Somo kwa mama zetu na dada zetu, na kwa waume zao pia

Ndugu msomaji, somo letu la leo ni katika mambo ambayo watu wetu huyaonea haya, wakayanyamazia mpaka yakawaletea khasara. Nalo ni damu ya mwanamke ijayo kwa wingi na kuendelea siku nyingi, na lile shauri ambalo daktari hulitoa baadhi ya wakati, kwamba kizazi kitolewe. Haya ni sifa njema, wala hatuiondoi. Lakini Bibi Aisha (Mungu amuwie radhi) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza mambo ya dini yao. Na afya ya mwili ambao kwao twasali na kufunga ni katika hayo.

Tulipigie jambo hili mfano wa mahali hasa, ili lisiwe maneno ya hewani. Kitengela ni mji ulio kama kilomita 30 kusini ya Nairobi, katika kaunti ya Kajiado, juu ya njia iendayo Namanga. Wamo huko watu wetu wa pwani walioifuata riziki, wengine katika viwanda vya Athi River, wengine katika biashara. Tuseme yupo huko mwanamke wa miaka 41, kwao Mombasa, mwenye watoto watatu. Mwaka wa pili sasa hedhi yake haipungui siku 12, hutoka na mabonge, na usiku huamka mara tatu kubadilisha pedi. Akipanda ngazi moyo humdunda. Mama yake ampigia simu kutoka pwani amwambia arudi akasomewe. Jirani amwambia ni kawaida ya umri. Na daktari amemwambia kizazi kitolewe. Amfuate nani?

KWANZA: KUIJUA DAMU YENYEWE

Madaktari wasema hedhi ya kawaida haizidi siku 8, na damu itokayo ni kiasi cha mililita 30 au 40. Zamani waliweka mpaka wa mililita 80, yaani zaidi kidogo ya vijiko vikubwa vitano. Leo hawasubiri kupima kwa kijiko: damu yoyote imzuiayo mwanamke na kazi zake, na usingizi wake, na ibada zake, yahesabiwa kuwa imezidi na yafaa kutibiwa.

Sababu zake ni nyingi. Iliyo mashuhuri ni vivimbe vya misuli ya kizazi, viitwavyo fibroidi. Hivi si saratani, wala havitokani na husuda wala jini. Uchunguzi uliotolewa Marekani mwaka 2003 ulionyesha kuwa kufikia umri wa miaka 50, zaidi ya wanawake 80 katika kila 100 wenye asili ya Kiafrika walikuwa navyo, na wengi hawakuwa na habari. Sababu nyingine ni utando wa kizazi kuingia ndani ya nyama yake. Au kinyama kidogo kilichoota ndani. Au yai kutopevuka kwa mpango, kama itokeavyo hedhi inapokaribia kukoma. Au maradhi ya tezi ya shingo. Au damu isiyoganda sawasawa. Au kitanzi cha shaba. Na mara chache, saratani.

Basi asiyejua sababu hawezi kuchagua dawa. Kabla ya neno la kisu kutajwa, mwanamke huyu ana haki ya kupimwa wingi wa damu mwilini, na kupimwa mimba, na kupigwa picha ya ultrasaundi. Na kwa kuwa aliyefikia miaka 45, au aliye na dalili za khatari kabla ya hapo, huchukuliwa kipande kidogo cha utando wa kizazi kikachunguzwe, yeye pia na aulize kama chamhusu. Ama mwanamke ambaye hedhi yake imekwisha koma mwaka mzima, kisha akaona damu, huyo asingoje hata wiki, na aende.

PILI: HUKUMU YA DAMU HIYO KATIKA IBADA

Wengi wa mama zetu huacha Sala siku 20 mfululizo wakidhani wamo katika hedhi. Hili ni kosa la kutojua. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, hedhi haizidi siku 15. Ikivuka hapo, ipo ndani yake istihadha, nayo ni damu ya ugonjwa. Fatima binti Abi Hubaish alimwendea Mtume (Rehema na Amani zimshukie) akamshitakia damu isiyomwacha, akauliza kama aache Sala. Naye akamfahamisha kuwa huo ni mshipa wala si hedhi, na kwamba aache Sala kwa zile siku za hedhi yake, kisha zikipita akoge na asali.

Basi aliyevukwa na siku 15, ikiwa damu yake yapambanuka, nzito na nyepesi, na afuate upambanuzi huo kwa masharti yake. Na isipopambanuka, arudi kwenye ada yake aliyoijua. Akisha koga, kila faradhi inapoingia wakati wake hujisafisha, akajifunga vizuri, akatawadha, akasali. Afunga na Ramadhani kama mwili wake waweza. Na ikiwa upungufu wa damu umemdhoofisha mpaka ni mgonjwa, ana ruhusa ya mgonjwa, na atalipa.

Tazameni basi: sheria yenyewe imeita damu hii ugonjwa. Na ugonjwa tumeamrishwa kuutafutia dawa. Anayemfungia mkewe hirizi kiunoni, na damu yaendelea kumtoka, hakutafuta dawa. Amepoteza wakati tu. Dua ni ya Mungu na mlango wake haufungwi, lakini dua haikumkataza mtu kwenda hospitali.

TATU: DAWA ZILIZO KABLA YA KISU

Hapa ndipo watu wengi hawajui, na ndipo pa kuzingatia. Kati ya kuvumilia na kutoa kizazi ziko daraja nyingi.

Ya kwanza ni vidonge vya kupunguza damu. Viko vya asidi ya traneksamiki, dawa iliyotangazwa mwaka 1962 na daktari wa kike wa Kijapani, Utako Okamoto, pamoja na mumewe. Humezwa siku za damu tu, wala haizuii uzazi. Ila aliyewahi kupatwa na donge la damu mguuni au kifuani na amwambie daktari. Viko na vidonge vya maumivu, kama asidi ya mefenamiki, navyo hupunguza damu pia.

Ya pili ni homoni, kwa vidonge au kwa kitanzi kidogo cha homoni kiwekwacho ndani ya kizazi, ambacho Shirika la Afya Duniani lilikitia katika orodha ya dawa za lazima mwaka 2015. Kitanzi hiki si kile cha shaba. Hukaa miaka 5 au zaidi, hupunguza damu sana kwa wanawake wengi, na kikitolewa uwezo wa kuzaa hurudi. Lakini miezi ya mwanzo huleta matone yasiyo na mpango. Mwanamke na alijue hilo mapema, amuulize na mwenye elimu hukumu yake, asije akadhani dawa imemharibu.

Ya tatu ni upasuaji ulio mdogo: kuondoa vivimbe peke yake na kukiacha kizazi, ingawa vyaweza kuota tena, au kuunguza utando wa ndani, kwa asiyetaka tena mimba, au kuziba mishipa inayolisha vivimbe, jambo lifanywalo katika hospitali chache kubwa.

Pamoja na yote hayo, damu iliyopotea irudishwe. Mwanamke asiye na mimba akipungua gramu 12 za hemoglobini, huyo ana upungufu. Na ameze vidonge vya madini ya chuma, ale maini, dengu na mboga za majani kwa ndimu, na asivimeze vidonge hivyo pamoja na chai, kwani chai huvizuia kufanya kazi.

NNE: LINI KIZAZI KITOLEWE

Kutoa kizazi ni dawa ya kweli. Tusiikuze ikawa kitisho, wala tusiidogoshe ikawa mchezo. Mwenye saratani ya kizazi, mlango huu mara nyingi ndio uokoao maisha. Na mwenye vivimbe vikubwa, au aliyejaribu dawa zisimfae, au asizoziweza, naye hataki tena kuzaa, kwake huweza kuwa rehema. Kwani damu hukoma moja kwa moja.

Lakini hakirudishwi. Mimba haitakuwako tena. Ni upasuaji mkubwa, wenye khatari ya kutoka damu, kuingia vijidudu, donge la damu, na kujeruhiwa kibofu au mirija ya mkojo. Na kupona huchukua kama wiki 6. Aulize pia khabari ya mafuko ya mayai: yakiwa mazima na hedhi haijakoma kwa umri, aghalabu yafaa yaachwe, kwani yakitolewa hukatikiwa ghafula, akapata joto la mwili na udhaifu wa mifupa kabla ya wakati.

Mwaka 2019 dunia ilisikia khabari za wilaya ya Beed, katika jimbo la Maharashtra, India. Uchunguzi wa serikali ulikuta wanawake wakata-miwa zaidi ya 13,000 waliokwisha kutolewa kizazi. Wengine walikuwa vijana, na wengi walisema waliikimbia hedhi iliyowakosesha siku za ujira. Funzo hilo latuhusu. Mwili usikatwe kwa ajili ya kumridhisha mwajiri, wala kwa kuwa hakuna aliyemweleza mwenyewe njia nyingine.

Ama sheria, Baraza la Fiqhi la Kiislamu lilipokutana Kuwait mwaka 1988 liliamua kuwa kukata kabisa uwezo wa kuzaa, wa mwanamume au mwanamke, ni haramu, ila ikilazimisha dharura kwa vipimo vya sheria. Basi ugonjwa uliothibiti, na dawa nyepesi zikashindwa, na daktari mwaminifu akasema, huo ni mlango wa dharura. Daktari wa kike wa Kiislamu akipatikana ndiye wa kwanza. Asipopatikana, maradhi hayangojei.

Damu itokayo baada ya kizazi kutolewa si hedhi, atasali nayo. Na akipewa talaka, wanavyuoni wa zama hizi walioulizwa wamejibu kuwa eda yake ni miezi mitatu, kama aliyekatikiwa. Ama eda ya kufiwa ni ile ile, miezi minne na siku kumi.

TANO: NANI MWENYE SHAURI

Wako waume wasemao, "Mke asiye na kizazi si mke." Neno hili ni la ujinga. Kizazi hakina ndani yake mapenzi, wala akili, wala dini ya mtu. Mume ana haki ya kushauriwa, na uzazi ni wao wawili. Lakini damu ni yake yeye. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 yataka mgonjwa aelezwe hali yake, na njia za matibabu, na khatari zake, kwa lugha aifahamuyo, ndipo aridhie mwenyewe.

Basi mwanamke wetu wa Kitengela tumshauri hivi. Asirudi pwani kusomewa, wala asikubali kisu wiki hii. Na aende hospitali ya serikali ya Kitengela, au hospitali kuu ya kaunti mjini Kajiado, na haja ikizidi, Nairobi. Akutane na daktari wa maradhi ya wanawake, apimwe sababu, aanze kurudisha damu yake, ajaribu dawa inayomfaa kwa muda atakaoambiwa. Na akichoka mapema, akaitwa kisuni na daktari wa pili kwa sababu iliyo wazi, na asiogope. Tangu Oktoba 2024 mfuko wa SHA umeshika mahali pa NHIF. Na ajiandikishe, aulize kabla ya siku yenyewe ni nini kitakacholipwa. Na mumewe asiishie kutoa ruhusa: na afuatane naye, aulize, atoe damu ikihitajiwa, na zile wiki 6 ndoo asiinyanyue mke.

MASWALI YA DARASA

1. Mwanamke aliyeona damu siku 20, na ada yake ni siku 7, wala damu yake haipambanuki: Sala za siku ngapi atazilipa?
2. Taja sababu nne za damu kuzidi, na vipimo ambavyo mgonjwa ana haki ya kuvitaka.
3. Ni maswali gani matano utakayomuuliza daktari kabla ya kutia sahihi karatasi ya upasuaji?
4. Katika nyumba yako, ni nani anayeumwa naye amenyamaza?

Mwenyezi Mungu atupe elimu yenye manufaa, na awaponye wagonjwa wetu. Amin.