BUNDI MDOGO WA PEMBA

Wasomaji wetu wengi wamjua bundi kwa sauti tu, nao waisikiapo usiku karibu na nyumba huingiwa na hofu, kwani tangu utoto tumeambiwa kwamba bundi huleta msiba. Leo twapenda kueleza habari za bundi mmoja asiyepatikana po pote duniani ila katika kisiwa cha Pemba. Amtupiaye jiwe na ajue kwanza ampiga nani.

Bundi huyu ni mdogo, urefu wake yapata sentimita 20, na macho yake ni ya manjano. Wengine wana rangi nyekundu kama udongo, wengine ni wa hudhurungi, lakini wote ni jamii moja. Mchana hujificha penye majani mazito. Jua likisha kuchwa hulia “hu”, sauti moja fupi, hunyamaza, kisha hulia tena. Na pengine mwenziwe humjibu toka mti mwingine. Hayo ni mazungumzo ya mume na mke, wala hayana habari ya msiba wa mtu. Chakula chake ni wadudu. Wenye kuku wasimwogope.

Mtu aweza kuuliza, Mbona Unguja hayuko? Jibu li baharini. Zamani sana, maji ya bahari yalipopungua, Unguja iliungana na bara, na wanyama wakavuka kwa miguu. Pemba haikuungana, maana mkondo ulio kati yake na bara una kina cha mamia ya mita. Ndege waliofika huko walikaa peke yao maelfu ya miaka, wakageuka kidogo kidogo. Ndiyo sababu Pemba ina ninga wake na chozi wake pia. Bundi huyu aliandikwa katika vitabu vya wataalamu mwaka 1937, na Bwana Pakenham. Wenyeji, bila shaka, walikuwa wakimsikia siku zote.

Maskani yake ni msitu wa Ngezi na Msitu Mkuu, tena huingia mashamba ya mikarafuu. Bundi wa namna hii hawachimbi tundu. Hutaga katika mashimo ya miti mikongwe, na mti wenye shimo ndio ukatwao kwanza, kwa kuwa mwenyewe huuona ni kuni tu. Twawaomba masheha wawashauri watu wabakize miti michache ya namna hiyo, hasa kandokando ya msitu. Nao walimu wawaambie watoto wasikilize jioni, wahesabu ni sauti ngapi zinazojibizana.