Askari yupo Kongo, familia yake ipo mtaani kwetu



Nilipata kuwa na mwanafunzi wa kidato cha pili katika somo langu la Maarifa ya Uislamu, aliyekuwa akichelewa karibu kila asubuhi. Siku moja nilimsimamisha mbele ya wenzake nikamkaripia kwa maneno makali. Hakujibu kitu. Baada ya wiki moja mama yake alinijia shuleni na kichanga mgongoni. Akanieleza kwa upole kwamba baba wa kijana ni mwanajeshi, yupo Kongo katika kulinda amani, na huo ulikuwa mwezi wa saba. Kijana ndiye aliyekuwa akichota maji alfajiri, akimpeleka mdogo wake shule, kisha ndipo anakuja kwangu.

Nilimtaka radhi mama yule, na kesho yake nikamtaka radhi mwanafunzi mbele ya darasa lile lile. Lakini jambo moja lilizidi kuniumiza. Baba yule nilikuwa nikisimama naye safu moja msikitini. Miezi saba nafasi yake ilikuwa tupu, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza.

Ndugu Waislamu, sisi tunajua kuwashukuru askari siku ya majeneza. Julai 13, 2013, katika siku za mwanzo za Ramadhani, wanajeshi saba wa Tanzania waliuawa kwa kuviziwa huko Darfur, Sudan, walikokwenda kulinda raia ambao wengi wao ni Waislamu wenzetu. Desemba 7, 2017, kambi yao ya Semuliki, wilaya ya Beni, mashariki ya Kongo, ilivamiwa, na Watanzania wasiopungua 14 wakauawa. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulilitaja kundi la ADF, kundi linalojinasibisha na Uislamu huku likichinja wanavijiji. Aprili 2024 wengine watatu waliuawa kwa kombora huko huko Kongo, wakiwa katika kikosi cha SADC ambacho muda wake ulikomeshwa Machi 2025. Kila mara tulisema Innaa lillaahi wa innaa ilayhi raajiuun, tukatazama bendera juu ya majeneza, tukarudi katika shughuli zetu.

Je, Uislamu unatufundisha shukrani ya aina hiyo tu?

Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa anayemwandalia zana mpiganaji katika njia ya Allah ni kama amepigana naye, na anayebaki akaitazama vema familia yake naye pia ni kama amepigana. Neno la Kiarabu lililotumika hapo, khalafa, lina maana ya kushika nafasi ya aliyeondoka. Hii si shukrani ya maneno. Ni kushika zamu ya baba asiyekuwepo.

Tena Muslim amepokea hadithi isemayo kwamba heshima ya wake wa wapiganaji kwa wanaume waliobaki ni kama heshima ya mama zao, na kwamba anayemhaini mpiganaji katika familia yake atasimamishwa Siku ya Kiyama, na mwenye haki atachukua katika amali zake kiasi anachotaka. Wanaomtumia mke wa askari ujumbe wa usiku kwa sababu "mzee hayupo" wazingatie hapo. Na wanaomzulia maneno kila anapopanda bodaboda nao wazingatie.

Ilipokuja habari ya kuuawa Jaafar bin Abi Talib (r.a.) katika vita vya Muuta, mwaka wa 8 Hijria, Mtume (s.a.w.) aliamuru watu wa Jaafar wapikiwe chakula, kwani limewafika la kuwashughulisha. Naye Umar (r.a.) imepokewa kwamba, baada ya kumsikia mwanamke akilalamikia upweke, alimuuliza bintiye Hafsa (r.a.) mke huweza kumvumilia mumewe kwa muda gani, kisha akawawekea askari kikomo cha kukaa mbali. Riwaya zinatofautiana kati ya miezi minne na sita. Kiongozi wa dola nzima alishughulika na machozi ya nyumba moja.

Watakuwepo watakaosema: "Ustadhi, hawa si mujahidina. Wanalipwa mshahara na wanavaa kofia za Umoja wa Mataifa." Sitoi hukumu juu ya nia ya mtu, hiyo anaijua Allah (s.w.). Wala kushukuru si kufunika makosa, kwani askari anayemdhulumu raia ahukumiwe. Lakini haki ya jirani, ya mjane na ya yatima haingoji tumalize mjadala wa rangi ya kofia. Na Surat al-Maida, aya ya 32, inatufunza kuwa kuiokoa nafsi moja ni kama kuwaokoa watu wote. Aliyekesha ili mama wa Beni alale, amefanya jambo.

Basi tufanye nini? Kwanza, kila imamu ajue ni nani katika safu zake amesafiri kikazi, na aombewe dua kwa jina. Pili, akina mama wa msikiti wamtembelee mkewe, kwa kuwa wao ndio wanaofaa kuingia ndani na kujua shida. Tatu, sisi walimu tuulize kabla ya kukaripia. Nne, akifariki, tusiishie kwenye hitima. Mjane atakaa eda ya miezi minne na siku kumi. Nani atamsaidia kufuatilia mafao? Nani atalinda haki yake na ya watoto katika mirathi ndugu wa mume watakapofika?

Mtume (s.a.w.) amesema kwa maana kuwa asiyewashukuru watu hajamshukuru Allah. Ijumaa hii, ukishatoa salamu, tazama kulia na kushoto. Kama kuna nafasi tupu, uliza ni ya nani.

Allah awarejeshe salama walioko mbali, na awarehemu waliotangulia. Wabillahi tawfiq.