Msumari Mkubwa Kama Sahani



Wiki ya pili ya mazoezi ya kufundisha niliingia Kidato cha Kwanza na nyumba ya maboksi mkononi. Somo lilikuwa uwiano. Mlango nilikuwa nimeuiga ule wa Mji Mkongwe, Zanzibar, nikaupamba kwa pini za ubao wa matangazo badala ya misumari ya shaba. Nikajiona fundi kweli kweli.

Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, umesema skeli ni 1:20. Hiyo pini ina sentimita moja. Kwa hiyo msumari wenyewe ni mkubwa kama sahani?"

Darasa likaangua kicheko. Na msimamizi kutoka chuoni alikuwa anakuja keshokutwa, bumu lenyewe lilishakata zamani.

Nikarudi geto, nikaanza upya. Nilichojifunza ni hiki.

Kwanza, gawanya kabla ya kukata. Kila kipimo halisi kigawe kwa 20. Mlango wa mita 2.4 kwa 1.4 unakuwa sm 12 kwa 7. Baraza ya nje yenye kimo cha sm 40 inakuwa sm 2. Kichwa cha msumari cha sm 5 kinakuwa milimita 2.5 tu.

Pili, jenga kwa tabaka. Msingi ni kipande cha boksi gumu. Juu yake bandika vipande viwili vya manila, ndizo mbao za mlango. Katikati weka ukanda mwembamba, ndio mfaa. Pembeni miimo, juu kizingiti. Kila tabaka linatoa kivuli, na kivuli ndicho kinacholionyesha jicho nakshi. Kizingiti cha juu kilichonyooka ni cha mtindo wa zamani zaidi. Cha upinde kilikuja baadaye, kwa athari za Kihindi. Chagua kimoja.

Tatu, nakshi. Mnyororo wa kwenye miimo ni nyuzi mbili za kushonea, zisokote, zipake gundi, zibandike. Maua yachore kwa kalamu iliyoisha wino, manila ikiwa imelazwa juu ya daftari, itaacha mifereji. Ukishapaka mlango rangi ya kahawia, misumari ni matone ya gundi nyeupe kwa ncha ya kijiti cha meno. Jaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa, maana tone likikauka linasinyaa. Yakikauka, yapake rangi ya dhahabu.

Msimamizi alipokuja, sikuanza na mlango mpya. Nilianza na ule mbovu. Nikampa rula yule yule aliyeniuliza, akapima pini, akazidisha kwa 20 ubaoni mbele ya wenzake. Ndipo nikatoa wa pili, nao wakapima misumari yake wenyewe.

Nyumba nimeiacha shuleni, na milango yote miwili. Ule mbovu unafundisha zaidi.