Mpigaji wa Mkono wa Kushoto: Somo la Kurusha Mpira Unaopinda

Utangulizi

Mwalimu anayekutana na mtoto atumiaye mkono wa kushoto huelekea kufanya moja kati ya mambo mawili: kumgeuza, au kumwacha pembeni. Yote mawili ni makosa. Katika zoezi moja la kufundisha hapa Tabora tulimwona mwanachuo wetu akimshika mtoto mabega, akamgeuza na kumwambia, “Simama kama wenzako.” Mtoto aliukosa mpira mara nne, akaenda kukaa chini ya mwembe. Sisi tuliokuwa na daftari la tathmini mkononi hatukusema neno mpaka kipindi kilipokwisha. Kwa hiyo kosa hilo lilikuwa letu pia.

Tumechagua kriketi kwa sababu katika mchezo huu mkono wa kushoto si kasoro ya mpigaji, bali ni fumbo kwa mrushaji.

Mambo ya kujua kwanza

Mpira wa kriketi una mshono katikati. Warushaji hung’arisha upande mmoja na kuuacha wa pili ukwaruzike. Mshono ukielekezwa kando kidogo, hewa ya upande unaong’aa huachana na mpira mapema, lakini ile ya upande wa mikwaruzo huvurugika na kuambatana na mpira kwa muda zaidi. Tofauti hiyo huusukuma mpira kuelekea upande wa mikwaruzo, nao hupinda hewani.

Hatuna budi kukumbuka kanuni moja: mpira unaomkimbia mpigaji wa kulia humwingilia mpigaji wa kushoto, na unaomwingilia wa kulia humkimbia wa kushoto. Mrushaji hahitaji mpira mpya. Ahitaji kufikiri upya.

Mbinu za mrushaji wa mkono wa kulia

Mrushaji akipita kushoto kwa vijiti vyake, mpira huanzia kushoto na kwenda kulia, yaani humkatiza mpigaji wa kushoto na kutoka nje. Mpigaji akisha kuzoea kuufuata huko, mrushaji hutupa ule unaopinda kurudi ndani, ukaelekea vijiti.

Akihamia kulia kwa vijiti, mwendo wa mpira huelekea ndani, na mpigaji hulazimika kuucheza. Ukipinda kutoka nje dakika ya mwisho, huweza kugusa ukingo wa gongo na kudakwa nyuma. Katika njia zote mbili, mipira ya kwanza humzoeza mpigaji jambo moja, na wa mwisho humjia kwa jingine.

Mfano wa Afrika Mashariki

Mwaka 1975 timu ya Afrika Mashariki, yenye wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, ilishiriki Kombe la Dunia la kwanza huko Uingereza. Lakini mfano utufaao zaidi ni wa tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune, India. Kenya ilipata mikimbio 166 tu dhidi ya West Indies. Katika timu hiyo ya pili alikuwamo Brian Lara, mpigaji wa kushoto aliyefikisha 375 katika mchezo mmoja na 501 katika mwingine, yote mwaka 1994. Rajab Ali wa Kenya, mrushaji wa mkono wa kulia, alimtoa Lara akiwa na mikimbio 8. Mpira ulidakwa na Tariq Iqbal, mlinda wiketi. West Indies walitolewa wote kwa 93. Jina kubwa la mpigaji halikumtisha mrushaji aliyeitunza njia ya mpira wake.

Hatua za somo

Vifaa: mipira ya tenisi iliyochakaa, utepe, gongo, vijiti vitatu na majivu. Mpira halisi wa kriketi ni mgumu mno. Usitumiwe kwa watoto wadogo.

1. Chora kwa majivu mistari miwili inayoanzia mahali pamoja. Wakumbushe wanafunzi kuwa njia ya misafara kutoka Bagamoyo iligawanyika hapa Tabora, moja ikaenda Ujiji, nyingine kaskazini hadi Karagwe. Warushe wakifuata kila mstari.

2. Funika nusu ya mpira kwa utepe. Waache waone wenyewe unapinda upande gani. Usiwatangulie kwa jibu.

3. Weka wapigaji wawili, wa kulia na wa kushoto, wakibadilishana kila baada ya mpira mmoja. Wadakaji nao wahame. Darasa litatambua upesi jinsi mrushaji anavyotaabika.

4. Mwombe mtoto wa kushoto aeleze aliuonaje mpira. Hapo yeye ndiye mwalimu.

Hitimisho

Nyumbani mtoto huyu amekwisha kuambiwa asile wala asipokee kitu kwa mkono huo. Adabu hiyo ina mahali pake, nasi hatuipingi. Lakini uwanjani mkono ulio hodari uachwe ufanye kazi yake. Tulipolirudia somo hilo wiki iliyofuata, mtoto yule alisimama kwa namna yake mwenyewe. Wa kwanza aliukosa. Wa pili ulivuka mwembe.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini wadakaji huhama mpigaji wa kushoto anapoingia?
2. Taja vipindi vingine viwili ambamo mtoto wa kushoto husahauliwa, na ueleze utafanya nini.