Tabuki: Vita Ambavyo Havikupiganwa ila Katika Utendi

Utangulizi

Katika orodha za vita mashuhuri vya dunia, vita vya Yarmuki vya mwaka 636 havikosi kutajwa. Vita vya Muta vya mwaka 629 hutajwa kwa nadra. Tabuki haitajwi, na sababu yake ni bayana: huko Tabuki, mwaka 630, hapakupiganwa vita. Katika fasihi ya Kiswahili, hata hivyo, mizani imepinduka. Si Yarmuki bali Tabuki iliyoupa jina utendi ulio miongoni mwa tungo kongwe zaidi zilizohifadhiwa kwa maandishi katika lugha yetu, yaani Utendi wa Tambuka, uitwao pia Chuo cha Herekali, uliotungwa na Mwengo bin Athumani kisiwani Pate mwaka 1728.

Makala haya yanalenga kuchunguza pengo hilo baina ya historia na utendi. Nakiri mapema kwamba suala hili linanigusa binafsi. Nilipokuwa mwaka wa pili wa shahada ya kwanza niliandika katika insha kwamba Heraclius alishindwa vitani Tabuki. Nilipewa alama nzuri, wala kalamu nyekundu haikugusa sentensi ile. Tangu hapo nimesoma insha za wanafunzi wengine zenye kosa lilo hilo, na nimesikia pia kosa la pili linalotokana na la kwanza: mwanafunzi akigundua kuwa vita havikuwapo, huutupa utendi mzima kwa kusema kuwa ni "chuku tu". Makosa haya mawili ni ndugu. Yote yanatokana na kuusoma utendi bila ya kuijua historia unayoigeuza.

Ili kuepuka mkanganyiko, katika makala haya jina Heraclius litatumika kwa mfalme wa historia, na Herekali kwa mhusika wa utendi. Msomaji ataona punde kuwa hao ni watu wawili.

Mfalme aliyechoka

Heraclius alitwaa kiti cha enzi cha Dola ya Rumi ya Mashariki, yaani Bizanti, mwaka 610. Aliirithi dola iliyokuwa inaporomoka. Waajemi waliuteka mji wa Yerusalemu mwaka 614, na haukupita muda wakaitwaa na Misri, ghala la nafaka la Konstantinopoli. Kuanzia mwaka 622 Heraclius aliongoza majeshi yake mwenyewe, jambo ambalo wafalme waliomtangulia kwa vizazi kadhaa hawakulizoea, na mnamo Desemba 627 akawashinda Waajemi karibu na magofu ya Ninawi. Amani ilipatikana mwaka 628. Qurani yenyewe ina sura iitwayo Ar-Rum, inayotaja kushindwa kwa Warumi na kutabiri ushindi wao.

Kwa hiyo, mwaka 629 na 630 Heraclius alikuwa mshindi, lakini mshindi aliyekaukiwa na hazina, mwenye askari waliochoka na majimbo ambayo ndiyo kwanza yamerejea mikononi mwake. Jambo hili ni muhimu kwetu kwa sababu linasaidia kueleza ni kwa nini hapakuwa na jeshi la Rumi likisubiri Tabuki.

Muta: jeraha

Chanzo cha Muta, kwa mujibu wa mapokeo ya Kiislamu, ni kuuawa kwa mjumbe wa Mtume Muhammad (S.A.W.) katika nchi ya Waghassani, Waarabu Wakristo waliokuwa washirika wa Rumi. Jeshi la watu 3,000 lilitumwa kaskazini, hadi Muta, mahali palipo leo nchini Jordani, mashariki ya ncha ya kusini ya Bahari ya Chumvi. Mtume aliteua makamanda watatu kwa zamu: Zaid bin Haritha, akifa yeye Jaafar bin Abi Talib, akifa yeye Abdallah bin Rawaha. Wote watatu waliuawa kwa utaratibu huo huo.

Kifo cha Jaafar ndicho kilichobaki katika kumbukumbu. Inasimuliwa kuwa alikatwa mkono wa kulia, akaishika bendera kwa wa kushoto. Ukakatwa na huo, akaikumbatia kwa vigutu mpaka akaanguka. Ndiyo maana akaitwa Tayyari, mwenye kuruka, kwani alilipwa mbawa mbili peponi badala ya mikono yake. Huyu Jaafar ndiye aliyewahi kuwa msemaji wa Waislamu waliokimbilia Uhabeshi mbele ya Najashi. Alikuwa pia ndugu yake Ali bin Abi Talib, wa baba mmoja na mama mmoja. Msomaji auweke undugu huu akilini.

Abdallah bin Rawaha naye asipitwe, hasa na sisi wanafasihi. Alikuwa mmoja wa washairi watatu wa Mtume, pamoja na Hassan bin Thabit na Kaab bin Malik. Ilipofika zamu yake alisita kidogo, akajitungia beti za kuikaripia nafsi yake, kisha akaingia vitani na kufa. Baada yake Khalid bin Walid aliichukua bendera na kulirudisha jeshi Madina.

Mapokeo yanasema adui alikuwa na watu 100,000, mengine 200,000. Wanahistoria wa leo hawazikubali idadi hizo, na wana haki. Majina ya Waislamu waliokufa Muta yaliyohifadhiwa hayafikii hata ishirini. Hesabu kama hiyo haipatani na vita vya laki mbili dhidi ya elfu tatu. Hata hivyo vita vyenyewe havina shaka. Theophanes, mwanahistoria wa Bizanti aliyeandika mwanzoni mwa karne ya tisa, anavitaja, na anataja kuuawa kwa makamanda watatu na kuokoka kwa Khalid. Ni nadra pande mbili za vita vya zama hizo kukubaliana kiasi hicho.

Tabuki: safari

Mwaka uliofuata, 630, habari zilienea Madina kwamba Warumi wanakusanya jeshi. Mtume akaita watu kwa safari ya mbali, wakati wa joto kali, tende zikiwa zimeiva na vivuli vikitamanika. Mapokeo yanalitaja jeshi la watu 30,000, nalo liliitwa jeshi la dhiki kwa uhaba wa maji, chakula na wanyama wa kupanda. Walipofika Tabuki, kaskazini-magharibi mwa Saudi Arabia ya leo, hawakumkuta adui. Walikaa siku zipatazo ishirini. Yuhanna, mtawala wa Ayla kwenye ncha ya Ghuba ya Akaba, alikuja kufanya mkataba, na miji mingine midogo ikafuata. Khalid alitumwa Dumatul Jandal, akarudi na mtawala wake akiwa mateka. Basi. Jeshi likarudi Madina.

Lipo jambo moja katika safari hii ambalo kila msomaji wa Utendi wa Tambuka angepaswa kulijua. Ali hakwenda Tabuki. Mtume alimwacha Madina aangalie familia yake, na wanafiki waliposema kuwa ameachwa kwa kuonekana mzigo, Ali aliifuata kambi nje ya mji kulalamika. Hapo ndipo alipoambiwa kwamba daraja yake kwa Mtume ni kama ya Haruni kwa Musa, isipokuwa hapana nabii baada yake. Hadithi hii ni miongoni mwa zinazojulikana sana kumhusu Ali.

Utendi unavyogeuza

Katika Utendi wa Tambuka, vita vinapiganwa, tena vikubwa, na shujaa mkuu ni Ali. Kwa maneno mengine, mtu ambaye hakwenda ndiye anayeng'ara katika vita ambavyo havikuwapo. Je, Mwengo hakuijua hadithi ya Haruni na Musa? Sidhani. Mtu aliyeweza kutunga beti zaidi ya 1,100 juu ya mada hii, katika jamii ya wanazuoni kama ya Pate, hakukosa kuisikia.

Sehemu ya jawabu iko nje ya Mwengo. Utendi huu una uhusiano wa mwingilianomatini na masimulizi ya Kiarabu ya maghazi, yaani visa vya vita vya Mtume vilivyosimuliwa kwa hadhira ya kawaida kwa karne nyingi, ambamo Ali ni shujaa wa kila uwanja. Mwengo hakubuni kila kitu, alirithi. Lakini kusema "alirithi" hakutoshi, kwa kuwa bado tunapaswa kuuliza simulizi lenyewe lilihitaji nini.

Rai yangu ni kwamba ufunguo ni Jaafar. Utendi unaanzia kwenye majonzi ya kifo chake, na kisasi cha Muta ndicho kinacholisukuma jeshi kwenda Tabuki. Sasa tuitazame historia kwa jicho la msimulizi. Muta ilikuwa jeraha lisilolipwa: makamanda watatu wamekufa, jeshi limerudi. Tabuki ilikuwa safari isiyo na pambano. Malipo, tukiyaita hivyo, yalikuja Yarmuki, Agosti 636, katika mapambano ya siku sita karibu na mto unaotenganisha Syria na Jordani za leo. Huko jeshi la Bizanti lilivunjika, wengi wakaangamia katika makorongo yaliyokuwa nyuma yao, na Syria ikawatoka Warumi moja kwa moja. Lakini Yarmuki haimfai mtunzi wa maghazi. Mtume alikuwa amefariki miaka minne kabla, mwaka 632. Ali hakuwa kamanda wa vita hivyo. Mkakati wake ulikuwa wa Khalid, chini ya Abu Ubaida. Hata Heraclius hakuwapo uwanjani, alikuwa kaskazini, upande wa Antiokia.

Utendi basi unachukua jeraha la Muta, njia ya Tabuki na ukubwa wa Yarmuki, na kuviunganisha kuwa tukio moja ambamo wote wanaohusika wapo: Mtume yu hai, mfalme wa Rumi ni adui wa ana kwa ana, na anayelipa kisasi ni ndugu wa aliyeuawa. Jamii yoyote inayojua maana ya damu ya ndugu ingeona kasoro iwapo Ali angebaki nyumbani. Kinachoitwa chuku hapa ni mpangilio wa ploti, na mpangilio huo hauonekani kwa mtu asiyejua kwamba Ali alibaki Madina.

Umbo la utendi nalo linachangia. Ubeti wa vipande vinne vya mizani minane, vitatu vya kwanza vikiwa na kina kimoja na cha nne kikirejelea bahari, hutua kwa uzito kila baada ya vipande vinne. Mapigano ya ana kwa ana hukaa vyema katika mtuo huo: huyu ajitangaza, yule ajibu, panga zinagongana, mmoja aanguka. Mazungumzo ya mkataba na mtawala wa Ayla hayangekaa vivyo hivyo. Hili linahitaji makala yake pekee.

Pate, mwaka 1728

Iko tafsiri moja inayopendwa katika semina zetu: kwamba Herekali ni Mreno. Mantiki yake inavutia. Utendi unahusu vita baina ya Waislamu na mfalme Mkristo, na ulitungwa miaka thelathini tu baada ya Ngome ya Yesu kuanguka Desemba 1698, baada ya kuzingirwa na Waomani kwa miezi thelathini na mitatu. Kwa hiyo, inasemwa, Mwengo aliwasifu Waislamu wa kale ili kuwatia moyo Waswahili wa zama zake dhidi ya Wareno.

Tatizo ni mwaka wenyewe. Machi 1728 Wareno waliitwaa tena Mombasa, na waliitwaa wakisaidiwa na Pate, iliyokuwa imechoshwa na Waomani. Mtawala wa Pate, ambako utendi ulitungwa kwa ajili ya ukumbi wa kifalme, alikuwa mshirika wa Wareno katika mwaka huo huo. Wareno walifukuzwa Mombasa tena mwaka 1729, na ushirika ule ulikuwa umeshaingia ufa, lakini hilo haliiokoi tafsiri ya moja kwa moja. Kama Herekali ni Mreno, basi mtunzi alikuwa akimkaripia mfadhili wake mwenyewe, ukumbini mwake mwenyewe. Si muhali, washairi wa mwambao wamefanya makubwa kuliko hayo kwa mafumbo. Anayedai hivyo, hata hivyo, aonyeshe mafumbo hayo ndani ya matini. Mimi sijayaona. Nadharia ya uhistoria inatuamuru kuisoma historia, haituruhusu kuikadiria.

Tofauti itajitokeza tukiuweka utendi huu kando ya Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima wa Hemedi bin Abdallah, unaohusu vita vya Abushiri vya 1888 na 1889. Hemedi aliishi zama za vita vyake, katika pwani ile ile. Kumsoma yeye na Mwengo kwa kigezo kimoja cha "ukweli wa kihistoria", kama maswali kadhaa ya mitihani yanavyotutaka, ni kuwadhulumu wote wawili.

Mshairi aliyebaki

Nimesema Tabuki ya historia haikuwa na pambano, lakini haikukosa kisa. Kaab bin Malik, yule mshairi wa tatu, alibaki Madina bila ya udhuru. Kila siku alisema atajiandaa kesho, mpaka jeshi likawa mbali. Mtume aliporudi, wengi waliobaki walikuja na visingizio, wakaapa, wakaachiliwa. Kaab, ambaye kwa maneno yake mwenyewe alijaaliwa ufasaha wa kujitetea, aliamua kusema kweli kuwa hakuwa na sababu. Yeye na wenzake wawili wakatengwa na mji mzima. Hakuna aliyewasalimu wala kuwajibu. Siku ya arubaini wakaamriwa kujitenga na wake zao. Siku ya hamsini msamaha wao ukateremka, nao umo katika Sura ya Tawba.

Kabla ya hapo, Kaab akiwa sokoni katika upweke wake, alijiwa na mjumbe aliyemletea barua ya mfalme wa Waghassani, washirika wale wale wa Heraclius tuliokutana nao Muta. Barua ilimwambia kwamba sahibu yake amemtupa, na kwamba akienda kwao atatunzwa. Kaab aliisoma, akaiona kuwa nayo ni sehemu ya mtihani, akaipeleka kwenye tanuri akaichoma.