Siku ya Kufa na Mkono wa Mtu

Katika matanga ya hapa Kaloleni, mjini Arusha, ni nadra mtu kurudi nyumbani bila kusikia maneno haya mawili: "Siku yake ilifika," na "Kazi ya Mungu haina makosa." Husemwa kwa mzee aliyeshiba siku, na husemwa vilevile kwa kijana wa pikipiki aliyegongwa bila kofia ngumu, hata kwa mama mja mzito aliyecheleweshwa nyumbani usiku kucha hali anatoka damu. Nami nimeyasema kaburini, maana mfiwa huhitaji neno la kumshika mkono. Lakini je, hayafuniki jambo?

Watunzi wetu wa pwani walilifikiri jambo hili kabla yetu. Tutazame habari za Fumo Liyongo, katika utendi alioutunga Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Shujaa yule hakuweza kuuawa kwa mshale wala mkuki, ila kwa msumari wa shaba uchomwao kitovuni. Sultani wa Pate, aliyemwogopa, alimshawishi mwana wa Liyongo mwenyewe kwa ahadi ya cheo na mke, aende akaiulize siri hiyo.

Hapa ndipo penye uzito. Baba alitambua ya kuwa mwanawe ametumwa, walakini alimwambia. Sophocles wa Uyunani alimwonyesha Oedipus akikimbia utabiri, akaangukia katika uo huo pasipo kujua. Liyongo hakukimbia, naye alijua. Kwa nini basi alisema? Wengine hujibu: ajali haina kinga. Mimi naona jibu hilo ni jepesi mno. Huenda baba alishindwa tu kumnyima mwanawe. Hilo lanielea zaidi.

Na tukubali kwamba ajali yake ilikwisha andikwa. Je, yule kijana naye alilazimishwa kuushika msumari? Utendi wasema aliingiwa na hofu alipomkaribia baba yake. Mtu aogopaye bado aweza kurudi. Kufa kwa Liyongo hakukuwa na budi, kwa kuwa alikuwa mwanadamu. Kufa siku ile, kwa mkono wa mwanawe, kulikuwa na budi. Ni mambo mawili, nasi matangani huyafanya kuwa moja. Yule mama naye angekufa siku moja, kama sisi sote, lakini usiku ule walikuwapo watu waliosema, "Tungoje kukuche."

Liyongo alipochomwa aliamka, akatwaa upinde wake, akaenda kupiga goti karibu na kisima, akafa vivyo hivyo, mshale u tayari. Watu wakaogopa kuteka maji, wakidhani yu hai. Mama yake akaitwa aje kumsihi. Hata mwili ulipoanguka ndipo walipothubutu kusogea, wakauona msumari wa shaba kitovuni, wakajua ameuawa.