Diski za Breki na Beringi za Magurudumu ya Mbele: Mambo ya Kujua Kabla ya Kumkabidhi Fundi Pikapu Yako

Mji wa Tukuyu uko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kyela, karibu na Ziwa Nyasa, iko takriban mita 500. Mwenye pikapu wa kata ya Bagamoyo, Tukuyu, anayepeleka ndizi au viazi Kyela huteremka kilomita moja ya kimo akiwa na mzigo. Katika mteremko huo breki za mbele hubeba sehemu kubwa ya kazi ya kuzuia gari. Tena, Rungwe ni miongoni mwa wilaya zenye mvua nyingi nchini, na maji na tope vikipenya kwenye habu huharibu grisi na kutia beringi kutu.

Kwa nini diski na beringi ni kazi moja

Katika pikapu nyingi zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma pekee, kila gurudumu la mbele huzunguka juu ya beringi mbili, ya ndani na ya nje, zilizomo ndani ya habu. Diski hufungwa kwenye habu hiyo, au huundwa pamoja nayo. Kwa hiyo diski haitoki mpaka habu ifunguliwe na beringi ziguswe. Mlaji anayeelezwa bei ya diski peke yake aulize mapema: je, beringi, sili na grisi vimo katika bei hiyo?

Dalili za kuangalia

1. Usukani kutetemeka unapokanyaga breki: huenda diski haziko sawa.
2. Mlio wa chuma kusaga chuma: huenda pedi zimekwisha na diski inalika.
3. Mngurumo unaoongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka: huenda beringi imechakaa.
4. Gurudumu kucheza linaposukumwa juu na chini gari likiwa limeinuliwa: beringi imelegea au imekwisha, au viungo vya usukani vina kasoro.

Kazi sahihi inavyofanyika

Gari lisimame mahali tambarare, magurudumu ya nyuma yawekewe vizuizi, na uzito wake ubebwe na stendi imara. Mtu asifanye kazi chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

Kalipa, yaani kifaa kinachobana pedi, ikifunguliwa ifungwe kwa waya. Isiachwe ikining'inia kwenye mpira wa mafuta ya breki, kwani mpira huo unaweza kuharibika kwa ndani bila kuonekana.

Diski ya zamani ipimwe. Unene wa chini unaoruhusiwa kwa kawaida huwa umechapwa kwenye diski yenyewe. Ikipungua hapo haifai kuchongwa, ibadilishwe. Diski na pedi hubadilishwa pande zote mbili kwa pamoja, ili gari lisivute upande mmoja. Diski mpya isafishwe mafuta ya kuzuia kutu kabla ya kufungwa.

Beringi mpya huja na kikombe chake, yaani pete ya chuma inayokaa ndani ya habu. Isifungwe katika kikombe cha zamani. Grisi iwe ya beringi za magurudumu, inayostahimili joto, na ishindiliwe mpaka kati ya roli. Kuipaka juu tu hakutoshi. Sili iwe mpya, kwa kuwa ndiyo kinga dhidi ya maji.

Hatua inayohitaji uangalifu zaidi ni kukaza nati ya katikati. Fundi huikaza huku akizungusha habu ili beringi zikae mahali pake, huilegeza, kisha huikaza tena kwa kiasi kilichoelekezwa na mtengenezaji. Ikikazwa mno, beringi hupata joto na kuungua. Ikilegea, diski huyumba, husukuma pedi nyuma, na pedali huzama. Pini ya kufungia nati iwe mpya.

Kabla ya kulipa

Omba uoneshwe vipuri vilivyotolewa. Kagua maboksi ya vipuri vipya: jina la mtengenezaji na namba ya kipuri visomeke vizuri. Kanyaga pedali mara kadhaa gari likiwa limesimama mpaka iwe ngumu, ndipo ulijaribu polepole bila mzigo. Baada ya safari fupi, sogeza kiganja karibu na habu zote mbili bila kuzigusa. Ikiwa moja ina joto jingi kuliko nyingine, rudi kwa fundi. Nati za tairi nazo zikaguliwe tena baada ya safari za mwanzo.

Hata breki mpya hupungukiwa nguvu zikipata joto kupita kiasi. Ingiza gia ndogo kabla ya kuanza kuteremka.

Haki yako

Dai risiti inayotaja kila kipuri na gharama ya ufundi, na uitunze. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumhadaa mlaji. Ukiuziwa kipuri bandia, peleka malalamiko Tume ya Ushindani. Kuhusu ubora usiokidhi viwango, wasiliana na Shirika la Viwango Tanzania. Peleka risiti, boksi na kipuri chenyewe, kwa sababu malalamiko yasiyo na ushahidi ni vigumu kuyathibitisha.